Karani Aliyeanikwa na Kahawa

Leo nimeumbuka! (Leo ya mwanzoni mwa miaka ya sabini, jamani. Mimi nimezeeka, aibu yenyewe bado mbichi.)

Nilikuwa karani wa kiwanda cha kahawa karibu na Mosocho. Miaka ishirini na mitatu, tai shingoni, kivulini asubuhi hadi jioni. Na nilimpenda fundi wa mashine, Okeyo, kijana kutoka upande wa ziwa. Hilo halikusemwa. Tuliopenda wanaume wenzetu tulijuana kwa macho tu, na niliowajua walikuwa wawili. (Mmoja nikiwa mimi.)

Mwingine alikuwa Ombati, mwalimu kule Sironga. Huyo alitembea na mwavuli hata kiangazi, na usoni krimu ya kujichubua. "Wewe cheza na jua tu," alinionya. "Utakosa soko."

Basi Alhamisi Okeyo akanishika mkono dirishani pangu, akaugeuzageuza. "Karani, hii mkono ni yako ama ni ndizi imeambuliwa? Jua haikujui?"

Alicheka akaenda zake. Mimi sikulala. Jumatatu alikuwa anahamia Kisumu kwa kazi mpya, na Jumapili tulikuwa tumepanga kwenda mjini Kisii kupiga picha, sisi wawili, ya kwanza na labda ya mwisho. Nikaapa: kwenye picha ile sitakuwa ndizi!

Jumamosi, Wasabato wote kanisani, kiwanda kimya. Nikavua nguo, nikabaki na kaptura. Nikajipaka mafuta ya kupikia kuanzia paji la uso hadi nyayo. (Nusu kopo. Nyumbani tulikula mboga za kuchemsha wiki nzima.) Kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye meza za waya. Nikachagua ya mwisho, nikasukuma punje kando, nikalala chali. Jua lilikuwa tamu siku hiyo, jamani! Nikasinzia.

Mvua ya Kisii mnaijua. Wingu lilipotanda, kanisa zima likatoka mbio kuokoa kahawa, na nguo zao za Sabato. (Sabato ni Sabato, lakini kahawa ni kahawa.) Okeyo naye akatoka chumbani kwake kusaidia. Wakaanza kufunika meza kwa nailoni. Mama Kwamboka, mmoja wa wakulima, akafika kwenye meza ya mwisho, akaifunika vizuri, akapigapiga.

Nailoni ikakohoa.

"Nyasae, Mungu wangu! Kuna maiti hapa kwa kahawa!"

Wakafunua. Nikaketi, ninang'aa, punje zimenigandia hadi masikioni. Mwenyekiti wa kiwanda, Biblia kwapani, akanisogelea. "Karani. Hii ni nini?"

Nilimtazama Okeyo. Akicheka, nimekwisha. Na watu wakianza kujiuliza karani anajipamba kwa ajili ya nani, nimekwisha kabisa, kazi na jina.

Hakucheka. "Ni mimi nilimtuma, Mzee. Nilisema alale hapo tuone kama waya imelegea."

"Na mafuta?"

"Asikwaruzwe."

Mvua ikaniokoa. Wote wakakimbia, tukabaki wawili chini ya mabati, Okeyo akinibandua punje mgongoni moja moja.

"Karani," akasema polepole, "mimi sikutaka ukuwe mweusi. Nilikuwa natafuta sababu ya kushika hiyo mkono."

Sasa ndiyo ananiambia! Mgongo umeshaunguzwa na waya wa moto, umechorwa miraba kama daftari la hesabu!

Picha ninayo mpaka sasa. Ni ya nyeusi na nyeupe, na studio ile ilikuwa na giza, hivyo nani ana rangi gani huwezi kujua. Okeyo anatabasamu. Mimi nimekunja uso kama niliyeuma ndimu, na wajukuu huniuliza nilikuwa nimemkasirikia nani. Sikumkasirikia mtu. Mpiga picha alituambia tusogeleane, Okeyo akaniwekea mkono mgongoni, palepale penye miraba.

Msicheke. Mkono ule uliniuma vibaya sana, na sikumwambia autoe.