Suria wa Imamu wa Siku Tisa

Jumapili, 2 Novemba

We Chakubimbi wangu, unayefungua madaftari ya watu, kaa kitako. Himid anataka kunioa! Posa Ijumaa. Ila shangazi yake, Bi Khamisa, kanifuata kazini, kambi ya watalii hapa jangwani Bidiya. Kauliza: nyinyi mliotoka Bujumbura, asili yenu nani hasa? Baba ana duka la matairi. Asili yetu matairi! Nikamwambia anipe siku mbili.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepata! Kabati la wageni lina kitabu cha zamani. Miaka mia mbili na hamsini nyuma, bwana mmoja wa mji wa Izki kajitangaza Imamu, mtawala wa nchi, akaingia ngomeni. Siku tisa tu. Ya kumi kakimbia na "farasi wawili, upanga na suria." Basi. Huyo suria jina hana. Katajwa baada ya upanga!

Nimemfikiria kutwa. Nani alimuuliza kama anataka kuwa bibi wa ngome? Na siku ya kumi, alipanda farasi au alikokotwa? Nimempa jina, Jumana. Nimempa na wajukuu: sisi.

Jumanne, 4 Novemba

Bi Khamisa kashtuka. Suria? Nikamkumbusha mtoto wa suria ni wa baba yake, nasaba kamili. Kanibusu kipaji. Wallahi mimi hatari!

Ijumaa, 7 Novemba

Balaa! Bi Khamisa kasambaza habari kwenye simu. Akina Himid hawajafika, gari mbili toka Izki ziko mlangoni. Mzee Thabit, mkubwa wa ukoo wa yule Imamu, na sinia ya halwa. Kamwambia baba wamefurahi kumpata binti ami yao. Na kwao binti ami haolewi nje mpaka binamu zake waseme hawamtaki. Binamu kaja naye: Luay, miaka thelathini na moja, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Hajasema hanitaki. Kaongeza halwa.

Akina Himid wakaja, wakanywa kahawa, wakaondoka na posa yao.

Mimi nyuma ya pazia. Saa nzima wananizungumza, hakuna aliyetaja jina langu, Maram. "Msichana" tu. "Msichana." Nikamuona Jumana kasimama vilevile, anasikia farasi wanatandikwa, hajui anapelekwa wapi. Nikalia. Nilimlilia nani, sijui.

Jumamosi, 8 Novemba

Himid kapiga simu. Kasema niseme kweli, atanioa hata na asili ya matairi. Shangazi atanuna wiki, halafu khalas. Mama kasema hivyohivyo, ila kwa kandambili mkononi.

Sawa. Kweli tupu, dakika mbili. Nikampigia Mzee Thabit. Shikamoo, marahaba. Mdomo ukafunguka, na hapo hapo likanijia: walionyonya titi moja hawaoani! Nikamwambia kuna jambo zito, ami. Luay ni kaka yangu wa kunyonya. Mama yangu alimnyonyesha alipozaliwa, kule Izki.

Mzee akaangua kilio cha furaha! Kumbe wema huo hakuujua. Yuko njiani na mama yake Luay, wanakuja kumshukuru mama yangu.

Luay alipozaliwa, mama alikuwa Bujumbura, darasa la tano.

Nimeona jikoni kuna mlango wa nyuma. Pia najua kuzimia vizuri sana. Haya Chakubimbi, gari hizo zinapaki: ungekuwa wewe ungefanyaje?