Kumsomea Maiti

Jumapili, 6 Julai 2008

Dhieu amekufa. Jana asubuhi. Malaria, siku tatu, basi.

Tulipasua mawe pamoja hapa Jebel, Juba, miaka mbili. Nimechimba kaburi. Mvua ilijaa ndani, tukachota na sufuria.

Nyandeng, bibi yake, alinituma nichukue shati ya kumzika nayo. Kwa mfuko nikapata barua yenye mhuri. Hiyo barua naijua. Alituonyesha kila siku mpaka tukachoka. Kozi ya sola, wiki mbili, mtaa wa Atlabara. Ukipita unapewa cheti na begi ya vifaa. Ukiwa na cheti kuna kazi ya kuangalia sola za kliniki. Kukaa kwa kivuli! Hakuna nyundo!

Shati nimempa Nyandeng. Barua nimebaki nayo. Dhieu haendi tena. Kiti ikae bure?

Naogopa kidogo. Tangu bibi yangu Achan afe sina mtu wa kuambia. Naambia daftari.

Jumatatu, 7 Julai

Mwalimu ni Mkenya, Zilpah. Mama mfupi, sauti ya mkubwa wa jeshi. Akaita majina. Akaita Dhieu. Akaita tena. Nikasema niko. Mtu amezikwa juzi, mimi nasema niko.

Nikangoja kitu kitokee. Hakuna. Ni mwanafunzi mmoja tu aligeuka akaniangalia sana. Mganda, Mukasa. Anauza betri soko ya Custom.

Wakati wa chai akanifuata. Akasema Dhieu mwenye anajua alikuwa mrefu kama nguzo, na alinunua betri kwake.

"Ssebo, bwana, wewe iko Dhieu gani?"

Nikasema kina Dhieu ni wengi. Akacheka. Akasema atafunga mdomo, akanipa betri yake ya mazoezi nibebe mpaka barabarani. Nzito kama mbuzi.

Jumatano, 9 Julai

Nabeba betri ya Mukasa asubuhi. Nabeba jioni. Amesikia sokoni kwamba Dhieu amekufa, sasa ananiita Marehemu. Kwa sauti ndogo, lakini ananiita.

Leo Mwalimu amesema Juba si Turkana, kule kwao kukavu. Hapa adui ni unyevu. Maji inaingia kwa nyaya, shaba inageuka kijani, sisimizi wanajenga ndani ya kisanduku. Ziba kila tundu. Na betri itoshe siku tatu za mawingu. Nimeandika yote.

Kisha akasema neno mbaya. Paneli haina swichi. Jua ikiwa juu, umeme iko, upende usipende. Kumbe hicho kitu kinakaa hapo juu ya paa, kinakungoja tu. Sikumaliza chakula.

Jumapili, 13 Julai

Nyandeng amenikamata nje ya kanisa. Aliuliza naenda wapi kila asubuhi na shati safi. Nikasema kwa mtu wa kung'oa meno. Akauliza, kila siku? Nikasema kila siku. Akauliza nimezaliwa na meno ngapi.

Jasho! Nimepita njia ya nyuma kurudi nyumbani.

Jumatano, 16 Julai

Mambo mbaya. Mwalimu anataka Ijumaa kila mtu alete bibi ama wazazi, waone cheti ikitolewa.

Nikawa mjanja. Nikamwambia bibi yangu alikufa. Hiyo ni kweli, Mungu anajua. Akanipa pole. Mukasa akasema mbele ya wote kwamba bibi ya Dhieu ni mzima kabisa, anauza chai Jebel, yeye mwenyewe atampelekea habari. Mwalimu akafikiri nimeficha bibi ili nitafute mwingine. Aliniangalia vibaya mpaka jioni.

Nitoroke? Lakini mtihani ni kesho. Nimebeba betri siku nane. Sitoroki.

Alhamisi, 17 Julai

Mtihani. Paa ya kliniki, bati bado na maji ya mvua. Mukasa alipanda kama paka, akashika nyaya, akarushwa na umeme kidogo, akatukana Kiganda.

Mimi nilipanda na blanketi ya nyumbani. Nikafunika paneli yote kwanza, jua isiifikie. Watu walicheka, wakauliza kama inasikia baridi. Sikujali. Nikafunga nyaya, nikaziba tundu zote mara mbili, nikashuka, ndio nikavuta blanketi na kamba. Taa ikawaka.

Mwalimu alinyamazisha wote. Akasema wiki mbili amefundisha mfunike, na mmoja tu amesikia. Dhieu ni namba moja.

Namba moja! Kwa sababu ya woga!

Ijumaa, 18 Julai

Nyandeng alikuja. Na Mathiang, ndugu ya Dhieu, na fimbo yake. Nikapima ua kwa macho, kama naweza kuruka. Mrefu.

Mwalimu akaita Dhieu, namba moja. Nikabaki kwa kiti. Nyandeng ndiye alisimama. Akapiga vigelegele, akaenda mbele, akamweleza Mwalimu kila kitu. Dhieu ni nani. Mimi ni nani. Meno pia.

Nikafunga macho, nikangoja fimbo. Badala yake Mathiang akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema nimefanya kitu ya ndugu kabisa.

Sikuelewa. Nyandeng akanielewesha, taratibu, kama mtoto.

"Malith, ukimzalia marehemu kwa jina lake, mtoto ni wa nani?"

Nikasema ni wa marehemu. Sisi Wadinka hiyo tunajua tangu utoto: ndugu anazaa na mjane, mtoto anaitwa wa marehemu.

"Na ukimsomea?"

Sikujua hiyo sheria inafika mpaka kwa sola.

Mwalimu akasema jina kwa cheti haibadiliki, na wenye jina wamekuja. Akawapa cheti. Akawapa begi. Mathiang akanishukuru tena. Heri angenipiga.

Begi iko kwa msumari, nyumba ya Nyandeng. Inangoja binti ya Dhieu akue. Ana miaka mbili.

Jumapili, 20 Julai

Nimefikiri sana. Kosa yangu nimeiona. Nilichukua jina ya mtu amekufa.

Jirani yangu Severino ana barua ya kozi nyingine, gesi ya mavi ya ng'ombe, inaanza mwezi wa tisa. Lakini anasafiri Torit, mama yake mgonjwa. Nimemwambia aniachie barua niitunze, nyumba yake inavuja. Amenipa. Amenishukuru hata.

Severino ni mzima. Nimemwangalia vizuri, hakohoi. Mtu mzima hana shida. Mavi pia haina umeme.

Kesho narudi kwa mawe.