Mnara Usio na Mfiwa

Ndugu Mhariri wa jarida letu,

Salamu kutoka mtaani kwetu Nechells, huku ughaibuni. Kanisani wote wazima, ila mimi nina kinyongo, nacho naomba ukichapishe wakubwa wakisome.

Jumamosi tulikwenda kwenye ule mnara wa kumbukumbu wa bustanini, wa watu waliouawa na tawala za kiimla. Tulikwenda kama watu wanavyokwenda msibani: watu thelathini, viti vya plastiki, sufuria mbili za sombe, yaani kisamvu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Hakuna mfiwa. Nililizunguka lile jiwe mara tatu nikitafuta wa kumpa mkono, nisione hata binamu. Marehemu mamilioni, ukoo mzima umekwenda wapi? Ni aibu.

2. Jiwe linasema tuwakumbuke, basi, halimtaji mtu. Mimi wangu namjua: Aganze, kaka yangu mkubwa. Askari wa rais wa wakati ule walimtoa darasani Bukavu akifundisha hesabu, hakurudi tena. Kumlilia kulikatazwa. Mama alilia chini ya blanketi mpaka akafa. Miaka thelathini na mitano hatujamkalia matanga, na inaniuma. Ndiyo maana nilimleta kwenye msiba wa wenzake, nikidhani wenyeji watatupokea.

3. Mlinzi, Bwana Ranvir, mtu wa makamo mwenye adabu, alitudai kibali cha mkusanyiko. Kibali cha kulia! Hata rais wetu hakutuletea fomu. Alikataza kwa mdomo tu. Tulimpakulia sahani, akavuta kiti.

4. Kwa hiyo serikali iajiri mfiwa wa kudumu, mwenye likizo na pensheni, avae nyeusi na ajue kulia. Akiugua, Meya ashike zamu.

5. Madikteta wastaafu walio hai waletwe kuosha sufuria. Mama Jeannine, mpishi wetu wa kanisani, atawasimamia, na hana mchezo.

Msalimie mkeo, watoto, na wote wa Alum Rock wanaoniulizia.

Wako mwenye kuhangaikia misiba ya watu,
Sylvestre

Tanbihi: Mke wangu Thérèse ameisoma barua hii, akaniuliza, "Papa, ile siku batu bote balikuya juu ya nani?" Yaani, walikuja kwa ajili ya nani. Nimeikumbuka tena siku ile. Ni kweli, wote walinishika mkono mimi, mmoja mmoja, na nililia mbele za watu bila kukatazwa. Basi barua usiichapishe. Andika tu: familia ya marehemu Aganze inawashukuru wote mliofika.