Ziwa Lililofaulu Mtihani

Kwa furaha kubwa, Ofisi ya Uratibu wa Maji Yaliyotulia, Tukuyu, iliwatangazia wananchi kwamba ziwa lao limefaulu mtihani. Mratibu, Bwana Prosper, alisoma matokeo mwenyewe pale ufukweni, suti imenyooka. Na asifurahi kwa nini? Ziwa lingefeli, banda la nguruwe lililo mlimani juu yake lingehamishwa. Nguruwe thelathini, wote wake.

"Tope, alama themanini," alisoma. "Daraja la kwanza! Oksijeni, mbili. Hapa limeteleza, tutaliandalia semina. Sahani ya kupimia uwazi ilizamishwa kwa kamba, ikapotea machoni ndani ya sentimita ishirini tu. Huo ni ufanisi."

Tulia, binti wa maabara aliyepima, akanyoosha mkono. "Samahani mzee, tope likiwa themanini ndio uchafu wenyewe. Na sahani ilitakiwa ionekane hata mita nne chini."

"Binti, wewe kazi yako kupima. Kusahihisha tuachie sisi."

Watu wakapiga makofi kidogo, kwa adabu. Hapo Bibi Ikupa wa Kinyala, ambaye wajukuu zake wanaharisha tangu masika, akachota kikombe cha maji ya ziwa, kijani kibichi, akamwendea mgeni rasmi, mama mmoja kutoka mkoani. Mama wa watu akanyoosha mkono kupokea.

"Ngoja kwanza, mwanangu," Bibi akamzuia. "Huku kwetu aliyekualika ndiye anaonja kwanza."

Macho yote yakahamia kwa Prosper. Lo! Yeye ni mzaliwa wa hapahapa, anajua vizuri: mwenyeji asiyeonja ametia kitu kikombeni. Akakipokea, akachungulia. Akawakumbuka nguruwe wake, mmoja mmoja.

"Banda litahamishwa," alisema kwa sauti ndogo. "Kesho."

"Leo," alisema mgeni rasmi, akifuta mikono.

"Ndaga fijo, baba," Bibi Ikupa alimshukuru Prosper, akachukua kikombe, akamwaga maji majanini.

Jioni ile watu wa mtaa wa Ibighi walimwona mratibu akiswaga nguruwe barabarani, suti imejaa matope hadi magotini. Akawapa makazi mapya nyuma ya nyumba yake mwenyewe, hatua kumi kutoka kisimani.

Mvua zilipoanza, Tulia alifika na sahani na kamba kupima kisima hicho. Mke wa mratibu, Beatrice, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe kimejaa.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Tunamsubiri baba mwenye nyumba aonje."