Kopo la Biskuti na Kicheko cha Soledad

Jumatatu, 7 Oktoba 2019
Nimeipata! Tunabomoa ukumbi wa zamani wa sinema hapa mjini kwetu Jaro, mara kopo la bati likaniangukia begani kutoka darini. Ndani mna mkanda wa *Leso ya Soledad*, sinema bubu ya mapenzi ya mwaka 1926. Nchi nzima inaamini iliteketea vitani! Bega limevimba, sijali. Jumapili, kwenye sherehe ya mtaa, nitamkabidhi meya mbele ya watu. Mimi, Wenceslao, mvumbuzi! Mpaka hapo, kimya.

Jumanne, 8 Oktoba
Jirani yetu Consing, ajuza ambaye mtaa mzima twamwita Lola, yaani bibi, kanitia unyonge. Mama yake ndiye aliyeigiza Soledad, akafariki Lola akiwa mchanga. Hajawahi kumwona akitembea wala akicheka. Jicho lake la kushoto lilishazima. La kulia, daktari kasema limebakiza siku chache tu. Akaniuliza, mjukuu wangu, huko mnakobomoa hamjaona chochote? Nikasema vumbi tu, Lola. Roho iliniuma. Lakini Jumapili si mbali.

Alhamisi, 10 Oktoba
Hatari! Mkanda umeanza kunata na unanuka soksi mbichi. Binamu yangu Crisanto, mwalimu, mjuaji wa kila kitu, kapita na kunusa. Nikamwambia ni samaki mkavu. Akasema samaki gani huyo anavaa viatu! Nimeuhamishia mkanda kwenye kopo kubwa la biskuti la Mama, juu ya kabati. Nani atashuku biskuti? Akili ninayo.

Ijumaa, 11 Oktoba
Crisanto tena! Kakaa saa tatu nzima, macho kabatini. Nikasingizia tumbo, nikajifungia chooni mpaka nikamsikia anaaga. Ushindi!

Natoka, juu ya kabati patupu. Mama akasema mgeni haondoki nyumba hii mikono mitupu, kampa lile kopo. Nikamwambia, Mama, umeniua! Akasema niache makelele, biskuti zenyewe zilishavunda, ndiyo maana kampa Crisanto.

Jumapili, 13 Oktoba
Meya kaja, kahutubia, kaondoka. Mimi mikono mitupu, Crisanto haonekani tangu Ijumaa. Nikaenda kumtafuta nimpige. Nikamkuta kwa Lola Consing. Kaupiga mkanda picha kwa simu, kipande kimoja kimoja, kaziunganisha mpaka zikatembea. Nikaishia mlangoni.

Soledad akapunga leso, akageuka, akacheka. Sekunde kumi tu ndizo zilizopona. Lola kaigusisha pua kwenye kioo cha simu, akasema, Nanay, mama yangu, kumbe mwanya wangu huu ni wako! Akataka irudiwe. Ikarudiwa, ikarudiwa. Kisha akauliza mbona tumezima taa.

Taa ilikuwa inawaka.

Nimelia kama mtoto. Naapa, sifichi kitu tena maishani.

Jumatatu, 14 Oktoba
Kopo la pili! Lilikuwa darini, pale pale! Ndimo ulimo mwisho wa hadithi. Mwezi ujao meya anarudi. Mvumbuzi ni mimi!

Nikirudi nyumbani Lola Consing kanitambua kwa hatua zangu. Akauliza kama kuna kilichobaki, maana hata kusimuliwa tu mwisho wake kungemtosha. Nikasema vumbi tu, Lola.

Mkanda uko salama. Mama kanunua kopo jipya la biskuti, kubwa kuliko lile, umetoshea humo barabara. Anapika tangu mchana, jioni tuna wageni.