Mashine ya Macho Yazinduliwa Mugutha

Mheshimiwa mgeni wa heshima, ambaye hakufika lakini kiti chake kipo; waheshimiwa wanachama wa kamati, wa kamati ndogo na wa kamati ya kusimamia kamati; Baba Askofu, Ustadh Junaid, machifu, wazee wa mtaa, vyama vya akina mama, wenye vyeo ambao sijawataja na wasio na vyeo ambao hakuna haja ya kuwataja: habari zenu? (Umati: "Mzuri.") Sijasikia, habari zenu? (Umati, kwa uchovu: "Mzuri sana.")

Mimi, Mheshimiwa Daktari Gachau, daktari wa heshima, mwenyekiti wa maisha wa Kamati ya Muda ya Afya ya Kesho, najua mmeketi hapa tangu asubuhi na mapema, lakini mkutano wa saa mbili huanza kiongozi anapofika, na kiongozi amefika saa saba, kwa hivyo tuko ndani ya taimu. (Makofi kutoka kwenye hema, walipo wenye kivuli.)

Ndugu zangu, zamani mtu alijua ana kisukari akiwa amekwisha kukatwa mguu. Siku hizi kuna mashine inayopiga picha ndani ya jicho ikatambua kisukari kimefika wapi kabla hujawa kipofu, kuna kibandiko cha mkono kinachosoma sukari mchana kutwa, na yote haya yanaongozwa na akili mnemba, ambayo kwa lugha nyepesi ya mwananchi ni integrated framework ya ku-mainstream data kwa stakeholders wote, kuanzia Kamenu hadi Mwiki. (Msaidizi wake anapiga makofi, umati unafuata.) Utafiti nilioufanya mwenyewe, nikiwa ndani ya gari kati ya Thika na Ruiru, unaonyesha kwamba asilimia mia na tatu ya wakazi watanufaika, wakiwemo ambao hawajahamia.

(Mama Waruguru, muuza mboga wa Mwiki, anainua mkono: "Mheshimiwa, mlituambia tukuje bila kukula ndio tupimwe. Mimi niko na sukari, na hii jicho ya kushoto imeanza kuona giza. Daktari alisema nisichelewe. Hiyo mashine inaanza saa ngapi?")

Swali zuri sana, mama, na kwa uzito wake nimeliundia kamati. (Kicheko kwenye hema.) Hicho kizunguzungu ninachoona unapepesuka nacho ni dalili kwamba mwili umeanza kuitikia huduma. (Jirani yake, Saida, anamkalisha chini na kumfungulia soda. "Kunywa, mama, sukari imeshuka na hiyo njaa," anasema. "Huyu hamalizi leo.")

Wapinzani wangu watauliza mashine iko wapi. Watu wa kuuliza-uliza hawana maendeleo! Je, nani aliwaletea hili kontena la buluu mnaloliona nyuma yangu? (Umati: "Ni wewe.") Nani aliandika juu yake KITUO CHA MACHO kwa rangi ambayo bado haijakauka, kwa hivyo msiegemee? (Umati: "Ni wewe.")

Kisukari! (Umati: "Kiishe!") Presha! (Umati: "Ishuke!") Gachau! (Hema: "Apande!")

Kwa kumalizia, namshukuru Bwana Kinuthia kwa kutuazima kontena lake, na namhakikishia kwamba jioni hii tutalifuta maandishi ili kesho aendelee kuuza chipsi. Nawashukuru vijana waliovaa makoti meupe. Yarudisheni kwa bucha mlikoyatoa. Na zaidi ya wote nawashukuru nyinyi wagonjwa kwa kuja na njaa na kupanga foleni ndefu namna hii, maana wafadhili wamesema hawawezi hata kufikiria kutununulia mashine kabla hawajaona picha za watu wanaoihitaji.

Mpiga picha, sogea. Mama Waruguru, weka hiyo soda chini, angalia hapa. Hapana, huku. Fungua hilo jicho, mama.