Mlima Usio na Kabichi

Nyarutarama, Kigali

Waheshimiwa ndugu mliotengeneza mchezo wa simu wa kuteleza milimani kwa ubao wa magurudumu,

Nawasalimu kwanza, maana hatujuani. Mimi ni yede, yaani msaidizi wa mafundi, kwenye nyumba inayojengwa hapa kilimani. Kwetu ni Goma. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikikosea mahali mnisamehe, lakini habari za kuteremka mlima nazijua. Kabla ya kuja Kigali niliendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, nikiteremsha kabichi kutoka Kibumba hadi sokoni.

Fundi Valens ana mchezo wenu kwenye simu yake. Mchana, tukimaliza maharagwe, kila mtu anateremka mara moja, na anayekuwa wa mwisho kwa nyota anapandisha madumu ya maji kutoka bombani mpaka ghorofani. Tangu tuanze, wa mwisho ni mimi. Magoti yamechoka, ndiyo maana naandika.

1. Mlimani kwenu hakuna mzigo. Yule kijana wa kofia nyekundu anateremka mikono mitupu, hata kitunguu hana. Sasa anateremka kufanya nini? Akiulizwa huko chini ameleta nini, atajibu nini?

2. Mimi nafunga breki, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Kwenye kona nafunga, kwenye mawe nafunga kabla sijayafikia. Sijaanguka hata siku moja. Valens anagonga miti, anajitupa hewani kama panzi, na simu inampa nyota. Mimi nikifika salama, simu inanyamaza. Nyiramana, mama anayetukorogea zege, huniuliza, "Mzee wa Goma, leo umebeba mayai au mgonjwa?" Na wote wanacheka, hata anayenidai sabuni.

3. Karibu na daraja kuna bibi ameketi nje ya nyumba yake. Nilisimama nimsalimie, maana mtu mzima hapitwi hivi hivi. Simu ikasema muda umekwisha. Waheshimiwa, huyo bibi ni mama wa nani kati yenu?

4. Kijana akifika chini, mara anaonekana tena juu. Nani amempandisha? Sisi tulipanda tukisukuma. Hili limeshaleta madhara: kapita wetu, Habiyaremye, anayetusimamia kazini, ameanza kutuuliza kwa nini matofali yanachelewa kufika ghorofani, wakati vijana wa kwenye simu hawachelewi.

Kwa hiyo naomba kwa heshima kijana abebeshwe gunia la kabichi, na kila kabichi inayoanguka imkate nyota. Wanunuzi wamngoje chini, wazikague moja moja, wabishane naye. Kisha arudi juu kwa miguu, bila kurukishwa hatua, hata kama ni mchana mzima. Akikataa kupanda, simu ijifunge mpaka akamwombe radhi yule bibi. Na anayefika wa mwisho na mzigo mzima ndiye atangazwe mshindi, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuuza kabichi atalikubali.

Nawatakia kazi njema. Nisalimieni wake na waume zenu, wazee wenu, na bibi wa darajani. Mwambieni mimi sikuwa na haraka, ni saa yenu. Wenzangu wote wanawasalimu, isipokuwa kapita, ambaye hajui kama naandika.

Wenu anayeteremka polepole,
Armel Kasereka

N.B. Barua imechelewa kwa sababu Valens, mwenye simu ya kuituma, hakuwa na bando. Leo mchana, zamu yangu ilipofika, Nyiramana alinishika bega akasema, "Mzee, fanya kama kabichi ni za kapita." Nikaachia breki. Njia niliyopita siijui vizuri, ila paa la yule bibi nalikumbuka. Nimekuwa wa kwanza. Valens safari hii alikutana na mti uliomwangusha, akawa wa mwisho. Sasa hivi namsikia kwenye ngazi na madumu, anahema kama ng'ombe. Kwa hiyo msibadilishe kitu chochote, mchezo wenu una haki kabisa. Valens anasema atawatumia barua hii baada ya kuandika ya kwake. Akiwatajia habari za kabichi, jueni hajawahi kubeba hata moja.